Dadu Ilipoangukia 18

Hadi leo naiona: dadu ya buluu ya pande 20, ukingo wake mmoja umelika, imetulia kwenye pembe ya ramani yangu. Ilionyesha 18. Kwenye karatasi ya mhusika wake rafiki yangu alikuwa na nyongeza ya 5 katika kutafuta, kwa hiyo jumla ni 23, na mezani kwetu 23 ilikuwa namba ya kupigiwa makofi kabla mwongoza mchezo hajatamka lolote. Walishaanza kupiga. Mimi, mwongoza mchezo mwenyewe, nikasema, "Unatafuta weee, lakini huoni kitu."

Makofi yakakatika.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, ya mchezo wa kuigiza wahusika: kila mchezaji ana mhusika wake mmoja, anamsemea na kumwamulia. Mwongoza mchezo ndiye anayebeba yote yaliyobaki, mvua, maadui, wafalme, hata mbwa wa mlangoni. Hakuna mstari wa kumalizia wala mshindi. Panapokuwa na shaka kama jambo litafanikiwa, dadu huamua. Hapo kwenye "panapokuwa na shaka" ndipo nilipokosea.

Nilikuwa nimeandaa ufalme uliozama. Ulinichukua miezi mitatu. Ulikuwa na wafalme 11 kwa majina na vifo vyao, kaburi lenye milango saba, na mji ambao kengele zake bado hulia chini ya maji kila mwezi unapoandama. Ramani yake niliichora kwa penseli kwenye karatasi nne nilizozigundisha, nikafuta na kuchora tena hadi karatasi ikaanza kutoka nyuzinyuzi. Niliupenda ufalme ule. Nilikuwa nalala nikiusikia.

Jioni ya tatu wachezaji wangu wanne walifika mtoni. Nilihitaji mtu wa kuwavusha, nikamtunga palepale: mzee anayevuta kamba kwa mkono mmoja. Basi. Hata jina hakuwa nalo. Yule aliyecheza mganga akauliza, "Mkono wa pili una nini?" Nikajibu la kwanza lililonijia, kwamba haukunjuki tangu siku alipomshika mwanawe ndani ya maji na maji yakamshinda nguvu. Kimya kikapita. Kisha mganga akasema, "Mwili ulipatikana?"

Nikasema haukupatikana. Wote wanne wakasogeza viti.

Kuanzia hapo wafalme wangu 11 hawakuwa na mtu. Mganga alitaka kujua mtoto alizama wapi hasa. Mwizi wa kufuli akaanza kuikagua kamba. Mchawi, ambaye mchezaji wake alikuwa mtu wa maneno machache, alimuuliza mvushaji jina la mtoto, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu tuanze. Ningekuwa na masikio ningelisikia swali lile. Badala yake nilileta mvua. Mvua haikuwatoa, nikaleta askari wa kuwakimbiza kuelekea kaburini. Askari wakapigwa. Ndipo mganga akasema anapiga mbizi kumtafuta mtoto, nami nikamwambia arushe dadu.

Kiwango ambacho jumla yake ilipaswa kufikia, nilichokuwa nimekiweka kichwani, kilikuwa 15. Kwa nyongeza yake alihitaji 10 au zaidi, yaani asilimia 55 ya kufanikiwa. Dadu ikiwa bado inazunguka nikakipandisha hadi 25. Hapo ilibaki 20 peke yake, upande mmoja kati ya 20, asilimia 5. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Niliogopa kwamba akiona kitu kule chini, miezi yangu mitatu itakwenda na maji.

Akaiangalia 18 yake. Akaiokota kwa vidole viwili, akaitia kwenye kifuko pamoja na nyingine, akavuta uzi. Hakukasirika. Alisema taratibu tu, "Kama jibu lilikuwa hapana tangu mwanzo, kwa nini uliniambia nirushe?"

Sikuwa na jibu. Tulicheza nusu saa zaidi kwa adabu, wakaenda kaburini nilikotaka waende, mlango wa kwanza ukafunguka, nikasoma maelezo niliyokuwa nimeyaandika kwa uangalifu mkubwa. Walisikiliza kama watu wanaosubiri usafiri.

Kesho yake nilimpigia simu yule mganga nikamwambia ukweli wote, hadi ile 25. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtoto hakulazimika kuwa hai. Nilitaka swali langu liwe na mahali pa kwenda."

Miaka baadaye nilisoma jinsi David Wesely, huko Minnesota, Marekani, alivyoandaa mchezo wa vita mwaka 1969 katika mji wa kubuni aliouita Braunstein. Alimpa kila mchezaji nafasi yake mjini akitarajia vita vifuate. Wao wakatawanyika kufanya mambo yao, wawili wakaitana kupigana ana kwa ana, na kanuni za pambano la namna hiyo hakuwa nazo. Alirudi nyumbani akiamini mchezo umeharibika. Wachezaji wakamwomba mwingine. Dave Arneson, aliyekuwa kwenye kundi hilo, akaliendeleza wazo katika ulimwengu wake wa Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, mchezo wa namna hiihii tunaoucheza. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikakaa. Mchezo niupendao kuliko yote ulizaliwa siku wachezaji walipoacha njia waliyowekewa.

Lakini jioni ya nne sikuwa nimeyajua hayo. Niligawa vipande vya karatasi, kila mtu aandike jambo moja analotaka kuliona na moja asilolitaka kabisa, bila jina. Mmoja alitaka mapigano zaidi. Mwingine mafumbo. Wawili waliandika, "Mtoto wa mvushaji." Na mmoja, kwa herufi ndogo, aliandika upande wa pili kwamba hataki maiti ya mtoto ielezwe mezani. Nilishukuru mno kwa karatasi ile. Bila hiyo ningemtoa mtoto majini kwa maelezo marefu, nikidhani nawapa walichoomba.

Nami niliandika ya kwangu nikaisoma kwa sauti: kengele zibaki. Nilikuwa tayari kuwaacha wafalme, na tisa kati yao niliwafuta usiku huohuo, lakini mji ule na kengele zake ndizo zilizonifanya nikae mezani. Mwongozaji asiyetaka chochote huchosha meza sawasawa na anayetaka kila kitu. Mwizi wa kufuli akasema, "Kengele hatujazikataa. Ni kwamba hukutupa sababu ya kushuka."

Sababu ilikuwa inavuta kamba kwa mkono mmoja.

Tukarudi mtoni. Nikawaambia mwezi umeandama, na mvushaji ameacha kuvuta, ameinamisha kichwa. Chini kabisa kengele inalia, na inalia kwa mapigo ambayo mtoto wake alizoea kuyagonga ubavuni mwa mashua. Mchawi akashika mdomo. Mganga akafungua kifuko, akatoa ile dadu ya buluu.

"Kiwango ni 15," nikasema, kabla hajarusha. "Ukikosa, mkondo unakubeba hadi usikokujua."

Ikaangukia 4. Jumla 9.

Nilimtazama usoni. Alikuwa ameshika penseli, anafuta kitu kwenye karatasi yake. "Haya," akasema, "naachia kamba. Nibebe."

Na mchawi, yule wa maneno machache, akasema, "Mimi namfuata."