Jinsi nilivyomzoesha mtoto wa mbwa kuishi na kuku

Nilimleta nyumbani, kijijini Lushoto, akiwa na wiki 8. Siku ya pili tu akaanza kukimbiza kuku. Nilimfokea; akadhani tunacheza, akazidi.

Kilichosaidia ni kamba na dagaa. Kila jioni nilimfunga kamba ya mita 2, tukaketi karibu na banda kuku wakidonoa mahindi. Akiwakodolea macho, nanyamaza. Akigeuka kunitazama, papo hapo nampa dagaa mmoja. Mbuzi hawakunipa kazi: jike mwenye mtoto alimpiga kichwa mara moja, akashika adabu. Usiku alilala jikoni juu ya gunia, karibu na joto la mafiga, akaacha kulia.

Wiki ya tatu nikamfungua. Jogoo akapita mbele ya pua yake; yeye akanitazama mimi, mkia ukicheza, akingoja dagaa wake.