Kikombe kilichozama

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, nilimkalisha mtoto chini. Sikumchapa wala sikumtukana. Nilimwambia tu, "Kaa chini, tuendelee," kwa ile sauti yetu walimu ambayo mtoto akiisikia mara tatu hanyooshi tena mkono mpaka anamaliza shule.

Kilikuwa kipindi cha sayansi, darasa la tano, hali za maada. Watoto 87, dawati moja wanabanana wanne, dirisha la nyuma halina kioo na upepo wa bahari unafunua madaftari. Nilikuwa nimefika kwenye maji kuganda. Nimeandika ubaoni nyuzijoto 0, wamenakili, nimeuliza "Mmeelewa?" na wameitikia "Tumeelewaaa!" kama ilivyo ada, hata yule wa dawati la mwisho aliyekuwa anachonga penseli kwa wembe. Ndipo mtoto mmoja, hapa nitamwita Zuberi, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, mbona mama mdogo anatia ubuyu wa moto kwenye friza? Anasema wa moto unawahi kuganda kuliko wa baridi."

Mama mdogo wake namfahamu. Anauza barafu za ubuyu na ukwaju ng'ambo ya barabara, na mimi mwenyewe ni mteja wake mwezi wote wa Februari. Mambo matatu yalinipita kichwani kwa mkupuo. La kwanza, haiwezekani. La pili, zimebaki dakika kumi na mbili na sijatoa zoezi. La tatu, ambalo ndilo lililoamua, ni kwamba sikuwa na jibu na macho 174 yananitazama. Nikamkalisha.

Usiku nikiwa nasahihisha madaftari ndipo nilipomkumbuka Mpemba, na aibu ikanishika peke yangu jikoni. Nikaitafuta habari yake, nikaisoma upya.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, kule Lushoto, mkoa wetu huuhuu wa Tanga. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, kisha unayaweka kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo Mpemba akaona mwenzake anawahi kuweka yake bila hata kuchemsha, akajua akisubiri maziwa yapoe atakosa trei. Akayaingiza na moto wake. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, hilo haliwezi kutokea.

Angeachia hapo, na kweli kwa muda aliachia. Lakini likizo akakutana na rafiki yake hapa Tanga mjini, mtengeneza aiskrimu, naye akamweleza kwamba wao huziweka za moto makusudi ili ziwahi. Nikasoma hapo mara mbili. Kumbe mama mdogo wa Zuberi ana ukoo wa kitaaluma mrefu kuliko wangu mimi mwenye cheti cha ualimu ukutani.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaokota. Akikosea hesabu: hiyo ni hesabu ya Mpemba. Wanaojua maisha ya bweni wanajua utani wa namna hiyo unavyodumu. Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama. Vyombo viwili sawa, maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100. Cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake waliona amewaaibisha. Osborne alimuuliza jambo moja tu la maana: umeifanya mwenyewe? Akasema ndiyo.

Osborne aliporudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli, ya moto iliganda kwanza, ila akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Nimecheka sana hapo, halafu nikaacha kucheka, maana yule fundi ni mimi. Mwaka 1969 wawili hao, mwanafunzi na mhadhiri, wakachapisha makala katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha Mweka, anasomea mambo ya wanyamapori.

Jumatano asubuhi nikaingia darasani nikamwita Zuberi mbele. Aliinuka kwa woga, akidhani kosa la jana linaendelea. Nikawaambia wote: "Jana mwenzenu aliuliza swali nikamkalisha. Nilimkalisha kwa sababu sikuwa na jibu. Na leo bado sina." Kimya. Mtoto mmoja akaguna. Nafikiri hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo, na mimi sikuwahi kujisikia. Mdomo ulikauka kana kwamba naungama. Miaka 16 ya ubao na chaki, na neno dogo kama "sijui" likanitoka kwa jasho.

Mama mdogo akakubali kutupa kona ya friza. Tukapata vikombe vinne vya plastiki vya aina moja, vya bluu, na maji ya moto nikayabeba kwenye chupa ya chai, nikamimina mwenyewe, maana sitaki kesi ya mtoto kuungua. Wakachaguliwa wakaguzi wawili wa kuvuka barabara na mimi kila baada ya dakika ishirini. Darasa likapiga kura: 61 wakasema ya baridi itawahi. Wengine wakasema ya moto, na nina hakika nusu yao walimfuata Zuberi kwa kuwa ana mpira.

Siku ya kwanza, ya baridi ikashinda. Kelele! Zuberi akainamisha kichwa. Ningekuwa mwalimu yule wa Jumanne ningefunga mjadala hapo, jibu limepatikana na linafanana na nilivyotaka. Lakini kuna binti mmoja, mkimya, hukaa karibu na dirisha lile lisilo na kioo, akauliza: "Mwalimu, kuganda maana yake nini?"

Nikadhani hakunakili. Kumbe alikuwa mkaguzi. Alichokiona ni kwamba kikombe kimoja kilikuwa na utando juu na maji chini yake, na kingine hakina utando lakini pembeni kimeshika mgando mnene. Sasa kipi kimeganda? Chenye ngozi, au kilicho kigumu mpaka katikati? Tulitumia kipindi kizima, dakika 40, kukubaliana juu ya neno moja. Mwisho wakaamua: kikombe kimeganda ukikichovya kijiti cha ufagio katikati kisipite. Baadaye nikaja kujua kwamba wanasayansi wakubwa wanaobishana kuhusu jambo hili wanabishana hapohapo, kila mmoja na maana yake ya kuganda.

Siku ya pili umeme ulikatika saa nne. Sina la kuandika.

Siku ya tatu, ya moto ikashinda, waziwazi, kijiti hakipiti, na ya baridi bado inacheza. Zuberi alikimbia kutoka ng'ambo ya barabara bila kuangalia gari, nikamgombeza kwanza ndipo nikampongeza. Darasa likawa soko. Mmoja akadai wakaguzi wamefungua mlango sana upande wa ya baridi. Mwingine akasema nimedanganya kipimo, na hilo akanisemea usoni kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, ulimimina kwa macho." Kweli nilimimina kwa macho. Akaleta rula, tukapima kina cha kikombe: ya moto ilikuwa imepungua kidogo. Mvuke umekwenda na maji. Kwa hiyo hata mashindano yenyewe hayakuwa ya sawa kwa sawa.

Yule binti wa dirishani akangoja kelele zipungue. "Cha moto kilizama," akasema.

Kilizama wapi? Akatupeleka. Friza la mama mdogo halijayeyushwa siku nyingi, chini lina tabaka la barafu nene kama kidole. Kikombe cha moto kilikuwa kimeyeyusha kishimo chake mwenyewe, kikakaa ndani yake kama yai kwenye kiota, barafu imekishika chini na ubavuni. Cha baridi kilikuwa kimekaa juu juu, kinacheza ukikigusa. Nilikitazama kile kishimo kwa muda. Duara safi, kingo zake laini, na chini yake alama ya chapa ya kiwanda cha vikombe imejichora kinyume. Mtoto wa miaka kumi na moja alikiona, na mimi nilikuwa nimechungulia friza hilohilo mara sita.

Siku ya nne tukakwangua barafu yote, mama mdogo akashukuru kwa kusafishiwa bure, maji tukayapima kwa bomba la sindano lililonunuliwa dukani. Ya baridi ikawahi, kidogo tu.

Je, Mpemba alikosea? Sijawaambia watoto hivyo, kwa sababu friza moja la Tanga halitoshi kumhukumu mtu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia majaribio kwa uangalifu na kusema hawaoni ushahidi wa kuridhisha. Wakaonyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kukuletea jibu unalolitaka. Wengine hadi leo wanapinga. Nilichowaambia watoto ni kwamba ugomvi wao wa wiki ile ni ugomvi wa watu wazima pia, na hawakuamini.

Sasa nisijifanye mtakatifu. Ubunifu huu ulinila vipindi vitano, na mwalimu wa taaluma akanikumbusha kwa upole, mbele ya wenzangu, kwamba azimio la kazi, ile ratiba ya mada, linasema nilitakiwa niwe kwenye mada nyingine. Hakukosea. Mtihani wa darasa la saba wa kuweka kivuli kwenye A, B, C hautauliza habari ya kishimo. Wala sikubaliani na wale wanaokuja na semina wakisema mtoto agundue kila kitu mwenyewe. Nyuzi 0 niliwaambia, na nitawaambia tena. Kusoma kipimajoto niliwafundisha kwa kurudiarudia. Mtoto asiyejua chochote hana cha kushangaa. Atabaki kumfuata mwenye mpira. Ila kuna mahali pa kunyamaza, na mimi miaka yote nimekuwa nikipapita kwa mwendo wa daladala.

Na si kwamba hatukuambiwa. Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, katika mambo matatu aliyotaka elimu ijenge kwa kila raia, la kwanza aliliweka akili yenye udadisi. Mtaala wa kujenga umahiri tunao tangu 2005, na ulioanza Januari 2024 unarudia hayohayo. Kwenye andalio la somo kuna safu nzima ya shughuli za mwanafunzi, nami huijaza kila wiki: "wanafunzi kujadili katika vikundi." Mthibiti ubora wa shule akija anasoma, anatia tiki. Vikundi gani, kwenye dawati la watu wanne wanaokabwa na mabegi?

Jambo jingine ndilo lililoninyima usingizi Alhamisi. Jioni alipita kijana niliyemfundisha zamani, sasa yuko kidato cha pili. Alikuwa muulizaji wa kukera yule, alinichosha na swali la kwa nini mwezi unatufuata. Shikamoo, marahaba, nikamsimulia habari ya friza. Macho yakamwaka. Akaniambia papo hapo: "Mwalimu, jaribuni kuweka gunia chini ya vikombe vyote, barafu isiguse." Nikamuuliza, huko shuleni mnafanya majaribio? Akasema wanafanya mara chache. Maswali je, unauliza? Akacheka akiangalia viatu. "Siulizi, mwalimu. Mpaka nilipange kwa Kiingereza kichwani, mwalimu ameshafuta ubao."

Huyu nilimlea kwa Kiswahili miaka saba, nikamkabidhi upande wa pili, sekondari ya Kiingereza, akiwa na ulimi, na ndani ya miaka miwili ulimi umekunjwa. Hakuwa mjinga jana wala leo. Wazo la gunia alilitoa kwa sekunde tatu, kwa Kiswahili, amesimama kwenye kizingiti changu na mkate mkononi. Nimejiuliza kama mimi nawafundisha hawa 87 kuuliza ili baada ya miaka miwili wakajifunze kunyamaza. Sikupata jibu, nikalala saa nane.

Ijumaa nikawaletea darasani wazo la gunia, nikisema limetoka kwa kaka yao wa sekondari. Binti wa dirishani akafikiri, akasema gunia litafanya vyote viwili vichelewe, na sisi tunataka kujua kipi kinawahi, siyo kipi kinachelewa. Zuberi akasema si kitu, tuone. Wakaanza kubishana bila mimi. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na kwa dakika kama nane hivi hakuna aliyenitazama.

Leo jioni mama mdogo amenipigia. Nilidhani ni habari ya gunia. "Mwalimu, majaribio ni mazuri, mtoto siku hizi hata chakula halilii. Lakini kufungua fungua friza kule, luku yangu imekwisha kabla ya wakati." Nimemtumia elfu tatu. Gunia nimelianika uani likauke, maana kesho kipindi ni cha kwanza.