Kutoka teja hadi mteja

Asubuhi ya kwanza nilipomsindikiza mdogo wangu kliniki, nilidhani atapewa kichupa aondoke nacho. Wapi! Nesi alimpimia methadoni, dawa ya maji wanayopewa waraibu wa heroini ili waache unga, kwenye kikombe cha plastiki, akamtazama anavyomeza, akampa maji ashushie, kisha akamwambia, "Taja jina lako." Jina lilikuwa kwenye kadi mbele yake. Ila mtu akiongea, dawa haiwezi kubaki mdomoni akaenda kuitema nje na kuiuza. Akataja. Wa nyuma yake akasogea.

Hiyo ni 2014. Tanzania ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, pale Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na niseme mapema nisije nikapigwa mawe: ile dawa inafanya kazi. Nimeishi na arosto, yale mateso ya kukosa unga, ndani ya nyumba. Nimeona mtu mzima amejikunyata sakafuni, kamasi zinamchuruzika, anatapika, anaomba elfu mbili kama anayeomba roho yake. Methadoni ukiinywa leo inakushika mpaka kesho. Baada ya wiki chache, sufuria zetu ziliacha kupotea. Wanaosema aache dawa akaombewe tu, waje walale kwetu siku tatu.

Dukuduku langu ni jingine. Mtaani alikuwa teja, kliniki wakamwita mteja. Mama alicheka: "Kumbe wamemwongezea herufi moja tu!" Na uteja wenyewe ulikuwa wa kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, shilingi 1,600 za wakati ule, bado foleni. Anarudi saa sita mchana. Kibarua gani kinamngoja mtu mpaka saa sita? Nilimuuliza mshauri nasaha, akanitazama kama nimemuuliza bei ya nyanya. Akafungua faili. Dozi imekaa sawa, mkojo safi. "Anaendelea vizuri, dada." Faili lilikuwa linaendelea vizuri, sikatai. Mwenyewe alishinda barazani mpaka giza, anahesabu bajaji zinazopita.

Na sisi nyumbani hatukuwa bora. Alipokuwa mhuni, baba alimgombeza kutwa. Tulipoambiwa ni mgonjwa, tukamnyamazia. Hakuna aliyemtuma hata chumvi. Tukizungumzia hela, tunahamia jikoni. Mgonjwa apumzike! Miaka miwili alipumzika, kijana wa miaka 29 mwenye mikono miwili mizima.

Aliyelivunja hilo ni fundi makochi wa Keko, ambaye kuhusu methadoni anajua jambo moja tu, kwamba inachelewesha watu kazini. Alimwambia, "Njoo ukishakunywa. Msasa haukimbii." Basi akawa anashuka njiani akitoka kliniki, anapiga msasa mpaka magharibi, anarudi nyumbani nywele nyeupe kwa vumbi la mbao.

Wiki ya tatu fundi akamkabidhi laki moja na nusu akanunue sponji na kitambaa Kariakoo. Alipiga simu kutuambia yuko njiani anakwenda. Mama hakula mchana ule. Mimi nilijifanya nafua, nikafua shuka lilelile mara mbili.

Saa kumi alirudi Keko, sponji kichwani, risiti mfukoni, chenji 4,500. Fundi akahesabu hela, akakunjua kitambaa, akakitazama, halafu akamporomoshea maneno mbele ya wenzake wote: nimekutuma maruni, umeniletea zambarau, macho unayo ya nini?

Usiku ule alitusimulia yale maneno yote, moja baada ya jingine, huku anakula. Akaongeza ugali.