Kutoka 118 hadi 97: nusu mwaka wangu wa gofu

Jumamosi iliyopita nimemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 97, na kwenye gofu mikwaju ikipungua ndiyo bora. Januari, uwanja huohuo, nilipiga 118. Ni mara yangu ya kwanza kushuka chini ya mia, na mpira wa mwisho ulipoingia shimoni nilikaa palepale kwenye majani nikamshukuru Mungu. Mimi ni mwalimu wa skuli, kwetu Bumbwini, Unguja, na nachezea ule uwanja wa mashimo tisa wa Mangapwani. Ukitaka 18 unauzunguka mara mbili.

Miezi miwili ya mwanzo niliipoteza kwa ushauri mbaya, na bado naumia nikikumbuka. Mchezaji mmoja wa siku nyingi aliniambia, “Mwalimu, mpira wako haufiki. Tafuta draiva ya maana, piga kwa nguvu zako zote, mengine yatakuja yenyewe.” Nikamwamini, maana yeye anacheza vizuri. Nikaagiza draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Pamoja na kuivusha na boti ilikula kama laki tatu. Basi nikawa napiga kama mtu anayepasua kuni. Mpira unaanza sawa, ukifika juu unakata kulia, unatoka nje ya mpaka. Na sheria ya gofu hapo haina huruma: unaongezewa mkwaju mmoja na unarudi kupiga ulipotoka. Shimo moja lilinimalizia mipira mitatu, nikaandika 11 kwenye kadi.

Ramadhani sikucheza. Usiku mmoja baada ya tarawehe nikatoa daftari langu. Tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa naandika kila mkwaju umepigwa na fimbo gani. Nikaichambua ile 118: draiva mara 12, pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, mara 43, na mikwaju ya karibu, yaani kuanzia hatua hamsini hadi kwenye grini, pale penye majani mafupi yanayozunguka shimo, 29. Nikarudia hesabu, ikawa ileile. Mikwaju 72 nilikuwa naipoteza nikiwa tayari naiona bendera, na mimi nimetumia pesa kununua fimbo ninayoishika mara 12!

Pata niliifanyia mazoezi ukumbini, kwenye saruji, nikilenga kikombe cha kahawa kilicholazwa ubavu. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na kikombe kile ni kama nusu yake tu. Ukishakizoea, siku ya mchezo shimo unaliona kama kinu.

Mikwaju ya karibu ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu sina uwezo wa kulipia uwanja kila siku. Dawa yake niliipata pwani. Siku za bamvua kwetu maji yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na mchanga unabaki mgumu, umelowa, umenyooka. Nikachora duara kwa kijiti kwenye hatua 10, 20, 30 na 40, kila duara upana wa sinia. Nikachukua weji, fimbo ya mikwaju mifupi ya kuinua mpira, na mipira ishirini ya zamani. Kumbe mchanga ule unaandika! Mpira ukianguka unaacha kishimo pale ulipogusa mara ya kwanza, halafu mstari mwembamba wa pale ulipobiringika. Kwenye majani huyaoni hayo, unaona mwisho wake tu. Hapa nikaona wazi kwamba nikirudisha fimbo mpaka usawa wa goti mpira unaanguka hatua 12, nikiifikisha kiunoni unaanguka 25, mradi mikono isiongeze haraka. Nikayaandika yote. Wanawake waliokuwa wakichokoa chaza wakaniuliza, “Mwalimu, umepoteza nini?” Baada ya wiki mbili wakawa wao ndio wanaoniambia mpira gani umeingia duarani. Ukifanya hivi hesabu mipira yako kabla hujaondoka. Maji yakijaa hayakusubiri.

Kusi ilipokaza mwezi wa Juni nilikuta uwanja si ule nilioujua wakati wa kaskazi. Shimo nililokuwa nafika kwa ayani, fimbo ya chuma, namba 8 sasa linataka 6, ambayo hupeleka mpira mbali zaidi. Usishindane na upepo kwa nguvu. Shika fimbo chini kidogo, mpira uuweke karibu na mguu wa nyuma, piga taratibu. Mpira utakwenda chini kama jiwe la kombeo. Hilo alinifundisha kijana aliyenibebea mfuko, na nilimlipa zaidi ya tulivyopatana kwa sababu lilistahili.

Handikapu yangu, namba inayopima kiwango cha mchezaji na ikishuka ndiyo bora, ilikuwa 41, sasa ni 30. Hesabu yake inachukua kadi nane bora katika ishirini za karibuni, kwa hiyo zile mbaya za Januari zimeanza kudondoka zenyewe. Katika ile 97 pata ilikuwa mara 34.

Kinachonishinda bado ni bunka, yale mabonde ya mchanga uwanjani. Mchanga wake ni mkavu na laini, fimbo inazama, na Jumamosi bunka mbili zilinila mikwaju saba. Nimeshaona mahali pale Bumbwini, juu ya mstari wa maji kujaa, chini ya minazi, mchanga ni wa namna hiyohiyo. Jumapili nitakuwa pale na mipira yangu ishirini.