Jinsi nilivyotuliza meza ya leza Kizota, Dodoma

Hologramu, yaani picha za leza zenye umbo la pande tatu, zilikuwa zinatoka hazina kitu. Leza ya heli-neoni ina urefu wa wimbi wa nanomita 633. Meza ikitikisika hata robo ya hapo wakati wa kupiga, picha imekwisha. Na malori ya barabara ya Singida hayalali.

Dawa niliipata gereji: tyubu za pikipiki zilizojazwa upepo nusu, juu yake bamba la zege, kisha mchanga wa korongoni uliochekechwa. Vioo nikavichomeka humo mchangani. Feni nikazima, joto nalo!

Nikapiga paneli ya bati yenye sponji mara mbili kwenye sahani ileile ya picha, ya pili ikiwa imepashwa moto kidogo. Picha mbili zikilaliana hutoa mistari inayoonyesha uso ulivyosogea. Mistari hiyo ilinyooka vizuri, ila pembeni ikajikunja miduara iliyobanana: hapo gundi kati ya bati na sponji imeachia. Paneli yenyewe haina hata mkwaruzo.