Shangazi na mizelkova ya Bonghwangdae

"Kaburi la wakubwa mnaliacha linaota miti? Hakuna wa kupafyeka?"

Shangazi alisema hivyo Jumapili baada ya kuiona picha ya Bonghwangdae, kaburi la kale hapa Gyeongju, Korea Kusini. Baba Salma kapata uhamisho, matokeo yangu yametoka, na bado kichwani ni sauti ya Shangazi tu.

Nilimjibu, "Nyasi zinafyekwa, Shangazi." Akasema, "Basi wamalizie na miti."

Wamalizie! Bonghwangdae ni tuta la kaburi la enzi za Silla, ufalme wa kale wa Korea, kimo mita 22, kipenyo mita 82, na mizelkova mikongwe, miti mikubwa ya huku, imeota ubavuni mwake. Ikipukutika majani, mtu wa Tanga huona miti iliyokufa. Iko hai kabisa. Ukiikata, kisiki huchipua. Uking'oa kisiki, umeondoka na udongo wa kaburi. Ukikiua, mizizi huoza ardhini ikaacha mashimo marefu. Mvua za Julai zikiingia humo, ubavu unaporomoka.

Dawa yake ni kupogoa, na wakati wenyewe ni huu wa baridi, matawi yakiwa wazi. Matawi ya mzelkova hutoka karibu karibu kwa pembe nyembamba, gome likabanwa katikati. Hapo ndipo upepo na theluji huupasulia. Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kidogo kwa chini, kisha kwa juu, mbele kidogo ya mkato huo kuelekea ncha, lidondoke bila kuchuna gome, mwisho kipande kilichobaki, nje ya kivimbe cha shingo ya tawi, pale linapoungana na shina. Ukikata kivimbe chenyewe, kidonda hakifungi vizuri.

Ila nikilirudia swali lake, hasira inaniisha. Makaburi haya yalijengwa kwa chumba cha mbao, kikafunikwa kwa mawe, kisha udongo wa mfinyanzi wa kuzuia maji, kisha udongo wa kawaida. Hayana mlango, ndiyo maana wezi walishindwa: kwenye kaburi la jirani, 1921, lilitoka taji la dhahabu, na 1924 jingine kwenye kaburi lililo kusini tu mwa Bonghwangdae. Mzizi unaweza kuutoboa ule mfinyanzi. Shangazi, anayefyeka makaburi yetu kila Shaabani, aliliona hilo kwa picha moja. Wakorea nao hufyeka ya kwao kabla ya Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, na sikumwambia! Nitampigia.

Usiku huu wametangaza nyuzi 10 chini ya sifuri. Nimeacha bomba la jikoni lidondoke lisigande, lakini lile la nje nyuma ya mashine ya kufulia halijafungwa matambara, na mwenye nyumba hapokei simu.