Mkale Matunda Yake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki nzima nimekuwa nikirudi kwenye Yeremia 29, ile barua kwa mateka wa Babeli. Kilichonishika si aya ya 11 tunayoipenda wote, ni ya 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Watu wana uchungu wa kwao, na Bwana anawaagiza wale kinachoota kule alikowapeleka. Nasi tulio ughaibuni tunashinda tukinung'unika kwamba chakula cha huku hakina ladha na nazi ya dukani imeoza.

Nawafikiria hasa ninyi mlio Springfield na Holyoke, Massachusetts. Karibu nusu ya wakazi wa Holyoke wana asili ya Puerto Rico, kule visiwa vya Karibi, na hao ni watu wa nazi kama watu wa Pwani. Krismasi haiwapiti bila arroz con dulce, yaani mchele uliopikwa kwa tui, sukari, tangawizi, mdalasini na karafuu, wala bila tembleque, tui lililogandishwa kwa wanga likawa laini na jeupe, likitikisika sahanini. Mnazi haukuwa wa asili visiwani kwao. Wareno waliuchukua Bahari ya Hindi wakaupanda Cape Verde, visiwa vya Afrika Magharibi, na kutoka huko ukafika Puerto Rico katika karne ya 16. Kumbe ndugu wa minazi yetu waliwatangulia, na Mungu alikwisha kuwapa watu wengine mapishi yake.

Tembleque ina vitu vichache, ndiyo maana kila kosa huonekana. Tui vikombe 4, konflawa nusu kikombe, sukari theluthi mbili za kikombe, chumvi robo kijiko cha chai, na mdalasini wa unga wa kunyunyiza juu. Konflawa ni ule wanga mweupe laini wa mahindi. Unga wa ugali hautafaa. Ukiwa na nazi nzima, itikise kwanza usikie maji, na uangalie macho yake: yakiwa na unyevu au ukungu, iache dukani. Ikune, ichuje kwa maji ya vuguvugu, uchanganye tui la kwanza na la pili mpaka vitimie vikombe 4. Kama ni tui la kopo, makopo 2 ya mililita 400 na maji kidogo ya kujazia yanatosha. Soma maandishi ya kopo. Ile krimu ya nazi ya vinywaji imekwisha kutiwa sukari nyingi, na itaharibu kipimo chako chote.

Koroga konflawa na tui likiwa bado baridi, kikombe kimoja kwanza, hadi usione chembe. Ukiimwaga kwenye tui la moto, nje ya kila donge huiva na kuufungia unga mkavu ndani, na mabonge hayo hayatoki tena. Kisha tia tui lililobaki, sukari na chumvi, weka moto wa kiasi, koroga bila kuacha ukigusa chini ya sufuria. Moto ukiwa mkali, tui hukatika na mafuta kujitenga. Likishakuwa zito, watu wengi huepua hapo hapo. Ngoja lichemke kwa dakika moja hivi huku ukikoroga, la sivyo litabaki na ladha ya unga na halitashika vizuri. Mimina kwenye bakuli ulilolisuuza kwa maji baridi bila kulifuta, acha lipoe, kisha weka kwenye friji saa 4 au zaidi. Usiweke kwenye friza, kwa kuwa barafu huvunja ule mshikamano na maji hutoka. Mdalasini hunyunyizwa baada ya kupindua sahanini.

Lakini wapendwa, kujua kupika hakutoshi, na hapa niseme wazi. Wako waliookoka wanaoishi jengo moja na jirani miaka mingi, harufu ya nazi ikipita chini ya mlango, na hawajawahi kubisha hodi. Wengine wakiletewa sahani hushukuru kwa adabu, mlango ukifungwa wanaimwaga. Na Jumatano tunafunga na kuomba kwa ajili ya wokovu wa watu haohao! Someni tena Luka 10. Bwana anawatuma wale sabini, na katika aya ya 8 anawaambia wale vyakula viwekwavyo mbele yao. Kuponya wagonjwa na kutangaza Ufalme kunakuja aya ya 9. Tumeruka aya moja, tukafika na vipeperushi mkononi kwa mtu ambaye hatukukubali hata kijiko cha chakula chake. Kuketi mezani pake ukiwa mgeni, ukapokea, ukauliza, ukaongezewa, ni utii. Usiuone kuwa ni kupoteza muda wa huduma.

Basi Jumapili hii, ibada ikiisha, bisha hodi. Muulize mama wa nyumba kama kwao hutia maji ya maua ya mchungwa kwenye tembleque, maana wako wanaotia na wasiotia. Mwombee kwa jina lake usiku huo. Bakuli lake usilirudishe tupu. Kashata zinafaa, nazi, sukari na iliki, na hazihitaji friji.